Ushauri: mdogo wangu ameitwa kazi ya urubani Marekani, shirika dogo linalorukia jina la kubwa

Bahari_Kavu (mleta mada):
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu yuko Dallas, ametimiza saa 1,500 za kuruka na ameitwa na shirika linaloendesha jeti ndogo za Embraer E175 zenye rangi za American Airlines. Tiketi inauzwa na American, ndege imeandikwa American, ila mwajiri ni mwingine. Hofu yangu: wakubwa wakiamua kurusha jeti hizi wenyewe, vijana hawa si watabaki nje? Na kama ni nafuu kurusha wenyewe, mbona hawafanyi?

PangaBoi_77:
Mkuu, ndege ni ileile na mafuta ni yaleyale, tena kwa kawaida mwenye tiketi ndiye anayeyalipia. Tofauti iko kwenye mishahara. Shirika kubwa hupandisha mshahara kwa miaka ya kazi, kuanzia rubani hadi mhudumu na fundi. Mhudumu aliyekaa miaka 25 hapunguziwi kwa sababu leo kapangiwa ndege ya viti 76. Gharama yake igawe kwa abiria hao wachache uone. Shirika dogo limejaa vijana, wengi huondoka kabla hawajafika juu ya ngazi. Likianza kuwa ghali, mkataba ukiisha safari anapewa mwingine. Shirika dogo la Comair lilikuwa mali ya shirika kubwa la Delta lenyewe, na bado lilifungwa 2012.

Mzee wa Njiro:
Hesabu hiyo ilikuwa kweli zamani, PangaBoi. Mwaka 2022 marubani walipoadimika, Envoy, PSA na Piedmont, zote za American, zilipandisha rubani msaidizi mpya hadi dola 90 kwa saa. Pengo limepungua sana. Halafu ukikodisha unalipia uongozi mara mbili, vyuo vya mafunzo mara mbili, na kama anayerusha ni kampuni huru, faida yake juu.

PangaBoi_77:
Sawa, lakini waliojaribu tumewaona. American walikuwa na E190 zao wenyewe, kubwa kidogo kuliko E175, wakaziondoa 2020. Shirika la JetBlue nalo limebadilisha zake kwa Airbus A220, ndege kubwa zaidi. Ndege ndogo yenye mishahara mikubwa ni mzigo.

Mzee wa Njiro:
A220 nayo inarushwa na marubani wao wenyewe, usisahau. Jibu la mleta mada liko kwenye mikataba ya vyama vya marubani kuliko kwenye bei. Kwa Delta, United na American, ndege ya kukodisha haivuki viti 76 wala uzito wa kuruka wa kilo 39,000 hivi. Ndiyo maana E175-E2, yenye injini mpya zinazobana mafuta, hakuna shirika la Marekani linaloirusha: imezidi uzito. Wanaendelea kununua E175 ya zamani! United wao walipofika kwenye ukomo wa idadi ya ndege za viti 70 na 76 waling'oa viti kwenye jeti ndogo ya CRJ700 hadi vikabaki 50, wakaiita CRJ-550. Na viti 50 sheria inakuruhusu mhudumu mmoja tu. Kiti cha 51 kinadai wa pili.

Nyali_Kwetu:
Huku kwetu KQ (Kenya Airways) inarusha E190 zake yenyewe. Jambojet na Dash 8 zake ni mtoto wa KQ, lakini anauza tiketi kwa jina lake, kwa hivyo si mfano wa hayo ya Marekani.

PangaBoi_77:
Bahari_Kavu, haziondoki kesho. Mwambie aulize kampuni ni ya nani. Ikiwa ni mojawapo ya zile tatu za American, kuna foleni ya kuhamia kubwa kwa kufuata ukongwe. Aombe kuiona kwenye mkataba, asiridhike na maneno ya mwajiri. Ikiwa ni huru kama SkyWest, hiyo hurukia United, Delta, American na Alaska, kwa hiyo mteja mmoja akijitoa hawazami. Mimi ningechukua foleni.

Mzee wa Njiro:
Mimi ningechukua kituo kilicho karibu na nyumbani. Rubani mpya anayelala hotelini kwa pesa yake kila akiwa zamu ya kusubiri kuitwa, hizo dola 90 hazioni.

Bahari_Kavu:
Ni Envoy wakuu, na kituo ni hapohapo Dallas. Ila kuna kipengele kwamba akiondoka mapema anarudisha gharama za mafunzo.

PangaBoi_77:
Asome muda unaanza kuhesabiwa lini: siku ya kwanza darasani au siku anapoanza kuruka na abiria. Na wakimfuta wao kazi, bado anadaiwa? Hayo ayaulize kwa barua kabla hajasaini.