Geti valvu, boli valvu au stopkoki: ipi ifungwe wapi nyumbani?

Mjengo_Goba

Wakuu, habari za jioni. Niko hatua ya mabomba kwenye nyumba yangu Goba, Dar, fundi anaanza Jumatatu. Orodha ya vifaa aliyonipa ina geti valvu kila mahali: baada ya mita, kwenye bomba la kushuka kutoka tangini, vyooni na jikoni. Nimepita maduka ya Gerezani kuulizia bei. Duka la kwanza wakaniambia geti zimepitwa na wakati, chukua boli. La pili wakasema boli zinakufa haraka kwa maji ya huku, chukua geti. Bei hazipishani kiasi cha kuninyima usingizi, kwa hiyo suala si hela.

Ninachotaka ni hiki: bomba likipasuka usiku na mimi sipo, mke wangu au binti anayetusaidia kazi aweze kufunga maji mwenyewe bila kumsubiri fundi. Maji yetu ni ya mgao, yanapandishwa kwenye tangi la lita 2,000 lililo juu ya mnara wa mita 4. Naombeni uzoefu wenu, na sababu zake.

Fundi_Tabata

Hongera mkuu kwa kuuliza kabla ukuta haujapigwa plasta.

Geti valvu ni ile yenye gurudumu dogo juu, mara nyingi jekundu. Ukizungusha, spindo (fimbo yake ya katikati) inashusha kipande chenye umbo la kabari mpaka kinakaa kwenye kiti chake chini. Ni mizunguko kadhaa kutoka wazi hadi kufunga. Ikiwa wazi kabisa maji yanapita bila kizuizi, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Ugonjwa wake uko kwenye kile kiti. Maji ya mgao yakirudi baada ya siku mbili tatu huja na tope na mchanga, na mchanga unatulia palepale kabari inapotakiwa kukaa. Siku unayoihitaji inazunguka, unahisi imefika mwisho, lakini maji bado yanapita. Ukiikazia kwa paipu renchi spindo inakatika, kabari inabaki ndani, na hapo hufungui wala hufungi.

Boli valvu ina mkono. Ndani kuna tufe lenye tundu, limebanwa kati ya pete mbili nyeupe laini. Ni robo mzunguko tu. Mkono ukilala sambamba na bomba, maji yanapita. Ukikatiza bomba, yamefungwa. Hata mgeni wa nyumba akimulika kwa tochi ya simu anajua iko hali gani. Kwa hilo swali lako la usiku, mimi nakuwekea boli bila kusita.

Stopkoki kwa nje inashabihiana na geti, ila ndani ina washa ya mpira inayoshuka juu ya kiti, sawa na koki ya kawaida. Ina mshale mwilini, na lazima uelekee maji yanakokwenda. Washa ikichakaa unabadilisha hiyo tu, bomba halikatwi. Kasoro yake ni kwamba maji yanapinda ndani kabla ya kutoka, presha inapotea.

MamaNyumba_Sinza

Nachangia kama mwenye nyumba ya wapangaji. Mnabishana geti na boli, lakini kasoro ninayoiona zaidi Sinza na Mabibo ni valvu moja ya nyumba nzima. Choo cha mmoja kikiharibika, wote mnakaa bila maji mpaka fundi aje kesho yake.

Kwangu kila chumba kina boli yake nje, pembeni mwa mlango, usawa wa kiuno. Mwaka jana hosi ya kuunga tangi la choo ilipasuka mchana na mwenye chumba yuko kazini. Jirani yake, msichana wa chuo, aliona maji yanatoka chini ya mlango, akaushika ule mkono na kuukatiza. Basi. Mwenye chumba aliporudi jioni alikuta kapeti limelowa upande mmoja, godoro kavu, na wenzake wote walikuwa wameshapika kwa maji yaleyale.

Ndugu yangu wa Goba, usisahau engo valvu: zile ndogo za kona zinazokaa chini ya sinki na pembeni ya choo, ambako hosi inaungwa. Hosi ndizo zinazopasuka kuliko bomba lenyewe. Ukiwa na engo, unabadilisha hosi huku nyumba nzima ina maji.

Mzee_wa_Mitambo

Vijana, naomba niitetee geti kidogo, maana inasingiziwa mengine.

Maji yakiwa juu mita 10 yanakupa presha ya karibu baa 1. Tangi lako la mita 4 linakupa baa 0.4 pale chini ya mnara, na ukipanda hadi kwenye kichwa cha shawa inabaki ndogo zaidi. Kwa presha hiyo kila kizuizi unakihisi mwilini ukioga. Sasa boli nyingi za bei ndogo zimeandikwa inchi moja kwa nje, lakini tundu la tufe ni jembamba kuliko bomba. Geti ya inchi moja ikifunguliwa yote inakupa karibu njia yote. Kwa hiyo ukichagua boli kwa bomba la kushuka, ifungue dukani, inua usawa wa jicho, tazama upande wa pili. Ukiona ukingo umezunguka tundu pande zote, rudisha, omba yenye tundu kamili. Stopkoki usiiweke kabisa kwenye bomba hilo.

La pili ni kasi. Boli inafungwa kwa mpigo mmoja, na maji yaliyokuwa yanakimbia yanagonga bomba. Kwa presha ya tangi si tatizo, lakini kwenye bomba la pampu ule mshindo unalegeza viungio taratibu. Mfundishe mtu wako kufunga polepole. Na pampu isiachwe ikizunguka huku valvu ya mbele imefungwa, maji ndani yake yatachemka na sili zitaungua.

La tatu, iwe geti au boli, isiachwe nusu wazi kwa miezi ili kupunguza maji. Kwenye geti kabari inatetemeka na kulika. Kwenye boli zinalika zile pete nyeupe, na hazitafunga vizuri tena. Ukitaka kupunguza, kazi hiyo ni ya stopkoki.

Mjengo_Goba

Shikamoo mzee, nimekupata vizuri. Pale kwenye mita, kuna valvu kabla yake na nafasi ya kuweka nyingine baada yake. Nitumie ipi?

Mzee_wa_Mitambo

Marahaba. Ya kabla ya mita, pamoja na sili, ni ya DAWASA, mamlaka ya maji, iache. Ikivuja upande huo toa taarifa kwao. Ya kwako ni ile ya baada ya mita. Weka ndani ya geti la nyumba, kwenye kisanduku chenye mfuniko, isizikwe kwenye udongo.

Kigamboni_Pwani

Huku kwetu ni kisima na maji yana chumvi, kwa hiyo maelezo ya Goba hayatoshi. Chumvi inakula zinki iliyomo kwenye shaba ya valvu. Kwa nje inaonekana nzima, ila ukitazama kwa karibu shaba imekuwa na wekundu na vumbi jeupe kwenye nyuzi, na ukiibana kidogo inamomonyoka. Mkono wa chuma nao: ile ngozi ya plastiki inabaki nzuri, lakini chini yake, pale kwenye nati, kutu imeshamaliza kazi. Binti yangu aliuvuta mkono ukabaki kiganjani.

Kwa sasa kwenye bomba la kisima natumia boli za PVC. Haziliwi na chumvi. Adui yao ni jua, zinakauka na kupasuka, kwa hiyo nimezijengea kivuli cha matofali. Wenye maji ya kisima ukanda huu, naomba mlifikirie hilo kabla ya kununua shaba.

Dada_Ubungo

Naomba kuuliza fundi, zile stopu (valvu) za bomba la plastiki la PPR zinazofichwa ukutani bafuni, zenye kofia ya kung'aa, zinafaa? Yangu imeanza kuvuja kwenye kofia.

Fundi_Tabata

Dada, zinafaa na zinapendeza, ila zimechomelewa kwenye bomba kwa moto wa nyuzi 260, mwili wake hautoki bila kuvunja marumaru. Bahati nzuri nyingi moyo wake unafunguliwa kwa spana. Funga maji ya tangi, vua kofia, toa moyo, peleka uleule dukani wakupe unaolingana nao. Usinunue kwa kukisia.

Kwa wote, niseme la kutunza, maana hata nzuri ikiachwa miaka bila kuguswa itakugomea.

Kila baada ya miezi mitatu minne, funga na kufungua kila valvu ya nyumba. Fanya asubuhi ya siku ya kazi, maduka yako wazi na fundi anapatikana. Ikigoma Jumapili jioni utateseka. Boli iliyokaza usiigonge nyundo. Isukume kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka ilegee. Geti yenye mchanga, fungua koki ya chini yake, kisha ifunge karibu yote na kuifungua tena mara kadhaa. Maji yakilazimishwa kupita penye upenyo mdogo yanakwenda kwa kasi na kuosha kiti. Nyingi nimeziokoa hivyo. Ukishafungua geti mpaka mwisho, irudishe robo mzunguko, isije ikagandia juu.

Ikidondosha tone kwenye shingo ya spindo, si lazima kununua mpya. Kuna nati pale chini ya gurudumu. Shika mwili wa valvu kwa spana moja ili usizungushe bomba, kaza nati kidogo sana kwa spana nyingine. Tone likikata, acha hapo. Lisipokata, funga maji, fungua nati, zungushia spindo tepu nyeupe uliyoisokota iwe uzi, funga tena.

Dukani kwangua kwa ncha ya funguo sehemu isiyoonekana, hasa kwenye engo. Ikitokea rangi ya njano ni shaba; ikiwa nyeupe ya kijivu ni zinki tupu, hiyo itakatika shingoni. Tazama pia alama ya TBS na maandishi ya PN (kiwango cha presha) yaliyochorwa mwilini.

MamaNyumba_Sinza

Ahsante fundi. Naongeza la hita, kwa wenye hita ya tangi bafuni. Valvu ya kufungia iwe kwenye bomba la maji baridi, lakini isikae kati ya hita na ile valvu ya usalama. Fundi mmoja alitaka kuniwekea hapo, nikakataa. Mtu akiifunga na hita inawaka, presha haina pa kutokea.

Mzee_wa_Mitambo

Sahihi kabisa mama. Hiyo inaua.

Mjengo_Goba

Wakuu, nimempigia fundi wangu tumekubaliana. Baada ya mita boli ya shaba. Bomba la kushuka boli yenye tundu kamili, nitaipima kwa jicho mwenyewe. Engo kila choo na sinki. Bafu kila moja na boli yake nje ya mlango. Swali la mwisho: ile ya bomba la kushuka niiweke juu karibu na tangi au chini pa kufikika?

Fundi_Tabata

Weka mbili. Ya chini, usawa wa mkono wa binti wa kazi, ndiyo ya kutumia siku zote. Ya juu, karibu kabisa na tangi, ni kwa ajili ya siku bomba la mnara litakapopasuka au ya chini itakapotaka kubadilishwa. Bila hiyo utamwaga lita zote 2,000. Pembeni ya kila moja funga yunioni ili itoke kwa kufungua nati, bila kukata PPR. Na kabla fundi hajaondoka, mwambie akuache wewe, mama na binti mfunge na kufungua kila valvu kwa mikono yenu mbele yake.