Sabufa ya inchi ngapi kwa sebule ya mita 4 kwa 5? Na mbona besi inapotea nikikaa kwenye kochi

mpenda_rhumba

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa wanaoelewa muziki wa ndani. Nina risiva ya Denon ya 5.1 niliichukua mtumba pamoja na spika mbili ndogo za inchi 5 na ile ya katikati, sauti za waimbaji na magitaa ya solo ziko safi sana ila chini hakuna kitu, na rhumba bila kusikia gitaa la besi linavyotembea mi naona bora nizime tu. Sebule ni mita 4 kwa 5, ukuta wa tofali, chini tailizi, juu jipsamu.

Wiki hii shemeji kaniazima sabufa yake ya inchi 10 nijaribu kabla sijanunua, nikaiweka pembeni ya meza ya tivii mana ndio penye nafasi. Sasa kinachonichanganya ni hiki, nikikaa kwenye kochi ambalo liko katikati ya chumba besi ni kama haipo kabisa, nikiinuka kwenda kwenye kona karibu na mlango wa jikoni inanguruma mpaka vifuniko vya sufuria vinalia. Je niende inchi 12 au 15 yenye wati nyingi? Kariakoo nimeona moja kwenye boksi imeandikwa wati 12,000 na bei yake ya kawaida tu. Bajeti mwisho laki 8, mtumba siyo tatizo. Kwangu ni rhumba na taarabu zaidi, wikiendi muvi na watoto.

fundi_spika

Mkuu usitoe hela kwanza, hiyo sabufa ya shemeji haina kosa lolote, shida ni mahali ilipo na mahali ulipokaa wewe.

Iko hivi. Besi ni mawimbi marefu sana, wimbi la 40 Hz (yaani mitetemo 40 kwa sekunde) lina urefu wa zaidi ya mita 8 yaani halienei hata kwenye sebule yako. Likigonga ukuta linarudi, linakutana na lingine linalokuja, sehemu nyingine yanajumlishana na sehemu nyingine yanafutana. Hesabu yake nyepesi, chukua kasi ya sauti ambayo ni kama mita 345 kwa sekunde ugawe kwa urefu wa chumba mara mbili. Chumba chako upande wa mita 5 unapata kama 34 Hz, upande wa mita 4 unapata kama 43 Hz. Hizo ndio sauti ambazo chumba kinazishika, zinajaa ukutani na hasa kwenye kona, na katikati ya chumba ndio zinakufa. Na wewe kochi umeliweka katikati kabisa! Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni 41 Hz, kwa hiyo lile unalolitafuta ndilo linaloangukia kwenye shimo, na pale mlangoni kwenye kona linajaa.

Ukinunua ya inchi 15 shimo halizibiki, utakachoongeza ni kelele za jikoni. Kuzidisha wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, ni ongezeko la kusikika lakini dogo, wakati shimo la chumba linaweza kula desibeli 15 au 20 za noti moja.

Fanya hivi kesho. Toa sabufa pale kwenye tivii, iweke juu ya kochi, palepale unapokaaga wewe. Piga wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, usiweke ule wa mdundo mmoja tu. Halafu wewe piga magoti uzunguke sebule nzima ukitambaa kando ya ukuta, sikio liwe chini usawa ambao sabufa ingekaa, kila baada ya hatua simama usikilize. Kuna mahali noti moja itaruka kwa fujo na zingine hazipo, pita hapo. Kuna mahali utasikia noti zote zinatoka karibu sawa, kila moja na sura yake, hapo weka alama, ndipo sabufa inapokwenda kukaa. Inafanya kazi mana njia ya sauti kutoka A kwenda B ni sawa na kutoka B kuja A.

Na kochi ukiweza lirudishe nyuma kama mita moja hivi litoke pale katikati, ila usilibandike ukutani mana huko nako besi inazidi kiasi.

Hizo wati 12,000 ni PMPO, namba ya kutangazia biashara tu, haina kipimo chochote kinachoeleweka. Geuza sabufa nyuma usome kibandiko kinasema inakula umeme kiasi gani, kama inakula wati 60 kutoka ukutani hizo elfu kumi na mbili inazitoa wapi? Wewe tafuta palipoandikwa RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo. Kwa mfano Klipsch R-120SW ya inchi 12 wenyewe wanaandika wati 200 za RMS na 400 za kilele basi, na ni sabufa ya kutikisa sebule yako vizuri tu.

BintiTanga

Fundi kamaliza kwenye chumba, mi niongezee kwenye kuchagua. Kuna boksi lililofungwa kote na kuna lenye tundu. Lenye tundu linakupa nguvu zaidi kule chini kwa wati zilezile, ila chini ya pale lilipotengenezewa sauti inaporomoka haraka na koni inaanza kucheza ovyo bila kutoa kitu, lililofungwa linashuka polepole na mara nyingi ni dogo. Watu wanapenda kusema la kufungwa ndio la muziki na la tundu ni la muvi, mi sikubaliani, la tundu likitengenezwa vizuri linapiga taarabu vizuri mno, besi ya taarabu ya sasa inataka pumzi. Kwa laki 8 na sebule kama hiyo ningechukua la tundu inchi 10 au 12 la kampuni inayojulikana, mtumba.

Ila kwenye mtumba kuna mtego ambao watu wengi wa Dar na Tanga unawaliza. Vifaa vilivyotoka Japani ni vya volti 100, vya Marekani ni 120, sisi huku ni 230. Ukichomeka moja kwa moja ni moshi. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kitu chochote, baadhi zina kiswichi cha 115/230 lakini nyingi hazina, na kama ni ya Japani ujue unanunua na transfoma ya kushusha umeme, iweke kwenye hesabu. Zilizotoka Uingereza au Dubai hazina shida hiyo.

Ukiwa dukani vua kitambaa cha mbele uangalie ule mzunguko unaoshika koni, kama ni wa sponji ubonyeze taratibu kwa kidole, uliooza unabaki na alama au unapukutika. Kisha weka vidole vyote vya mkono mmoja kuzunguka kile kikofia cha katikati usukume koni ndani polepole sabufa ikiwa imezimwa, sikio karibu, isikike kimya. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga ujue koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inagusa, hiyo achana nayo hata kama anakupunguzia nusu bei. Mwisho iwashe bila kupiga wimbo, volyumu iwe nusu, usikilize kama inavuma yenyewe.

wa_luthuli

Hapo kwa kuvuma wacha nichangie kutoka Nairobi, juu hii story huwa inawasumbua wateja sana huku Luthuli Avenue na si lazima sabufa iwe mbovu. Mtu ananunua kitu safi, anafika nyumbani inaimba mmmmm hata kama hakuna muziki, anairudisha dukani, dukani iko sawa. Hiyo ni 50 Hz ya stima, inaingia kwa nyaya. Mara nyingi inaletwa na waya wa dishi au antena unaoingia kwa dikoda, dikoda imeunganishwa kwa risiva, risiva kwa sabufa, basi mzunguko umekamilika. Chomoa ule waya wa antena kwa dikoda wakati inavuma, ikinyamaza hapohapo ushajua adui. Kuna kifaa kidogo cha kutenganisha kinachowekwa kwa waya wa antena, kinamaliza. Pia weka risiva, dikoda na sabufa kwa extension moja, sio hii imetoka ukuta huu na ile ukuta ule. Na tafadhali mtu asikudanganye ukate ile pini ya ethi (ya waya wa ardhini) ndio uvumi uishe, utaisha lakini siku kitu kikipiga shoti ndani mtoto akashika boksi ni msiba.

mpenda_rhumba

Wakuu mko vizuri sana. Nimetambaa, mke wangu kanishangaa lakini matokeo nimeyaona, tofauti ni kubwa kuliko nilivyofikiria. Pembeni ya tivii ilikuwa noti mbili tu zinapiga kelele. Pazuri nilipata ukuta wa kushoto, kama mita moja na nusu kutoka kona ya nyuma, na kochi nimelirudisha nyuma kama ulivyosema. Sasa gitaa la besi nalisikia linavyopanda na kushuka noti kwa noti. Kwa hiyo nitabaki kwenye inchi 10 au 12 ya RMS, ile ya Kariakoo nimeachana nayo.

Sasa maswali. Nyuma ya sabufa kuna kinobu cha krosova (kile kinachoamua sabufa ipige kuanzia Hz ngapi kushuka chini) kutoka 40 mpaka 160, kuna kiswichi cha fezi (cha kugeuza koni isukume mbele au nyuma) 0 na 180, na kwenye risiva nako kuna krosova yake. Nifuate ipi? Na jirani tunapakana ukuta, kuna mtu kaniambia nibandike trei za mayai ukutani zinazuia besi, ni kweli?

fundi_spika

Krosova iwe moja tu, ya risiva. Kile kinobu cha nyuma ya sabufa kizungushe mpaka mwisho kule juu, 160, au kama ina tundu limeandikwa LFE (jina la chaneli ya besi ya muvi) chomeka hapo, la sivyo mnachuja mara mbili na besi inapotea katikati ya spika na sabufa. Kwenye menyu ya Denon spika zako zote ziweke "Small" hata kama unaona ni kubwa, maana yake sio udogo wa spika, maana yake ni kwamba besi ipelekwe kwenye sabufa. Krosova anza na 80, hizo inchi 5 zikionekana zinahangaika panda 90 au 100. Ukipandisha sana sabufa inaanza kusikika iko upande gani, na yako iko pembeni kushoto kwa hiyo 100 ndio mwisho. Ile LPF (kichujio) ya LFE iache 120, hiyo ni ya chaneli ya muvi. Na "LFE+Main" usiiguse, inafanya besi ileile itoke kwenye spika na kwenye sabufa kwa pamoja.

Kama ulipewa na ile maiki ya Audyssey (mfumo wa risiva wa kujipima na chumba) ifanyie kazi, volyumu ya sabufa iwe katikati, maiki usawa wa masikio kwenye kochi, nyumba iwe kimya, feni zima. Ikimaliza itakwambia sabufa iko mbali kuliko ilivyo kweli, usiirekebishe, inahesabu ucheleweshaji wa saketi za ndani ya sabufa yenyewe.

Fezi inahitaji watu wawili. Wewe kaa kwenye kochi, piga toni ya 80 Hz kupitia spika na sabufa pamoja, mtu akae pale nyuma ya sabufa abadilishe 0, 180, 0, 180. Upande ambao sauti inakuwa kubwa kwenye kochi ndio sahihi, mana spika na sabufa zinasukuma pamoja. Ukibadili mahali pa sabufa rudia.

Trei za mayai hapana. Zina kina cha sentimita chache tu, wimbi nimeshasema ni mita 8, linapita kama hazipo. Zinapunguza mwangwi kidogo wa sauti za juu na kukusanya vumbi. Pazia nzito na zulia nazo ni hivyohivyo kwa besi, ingawa kwa ile tailizi yako zulia weka tu, waimbaji watatulia. Kwa jirani njia ya kweli ni kuisogeza sabufa karibu na wewe, nyuma ya kochi au ubavuni kabisa, mana ikiwa nusu mita kutoka ulipo unaisikia moja kwa moja kabla chumba hakijaingilia, na unaweza kuishusha volyumu sana ukapata besi ileile. Ukuta wa jirani unapata kidogo. Ijaribu hiyo usiku ulinganishe na pale ukutani kushoto.

BintiTanga

Na kama anakaa ghorofani aweke sponji ngumu chini ya sabufa, haizuii sauti ya hewani lakini mtikisiko hauendi moja kwa moja kwenye sakafu.

Kingine kaka mpenda_rhumba, una jipsamu juu na bila shaka madirisha ya alumini. Kuna mkwaruzo au mlio utausikia utadhani sabufa imepasuka, kumbe ni kioo cha dirisha au kabati la vyombo. Tafuta mtandaoni ile sauti inayopanda polepole kutoka 20 mpaka 100 Hz, icheze kwa volyumu unayosikilizaga, tembea ukigusa kitu kimojakimoja kwa kiganja. Kikinyamaza ukikigusa ndicho. Dirisha la kuteleza linahitaji mpira wa pembeni tu, taa za kwenye jipsamu zile za kubonyeza springi zake zikilegea ndio zinalia kuliko vyote.

mpenda_rhumba

Asante dada, hapa nilipo dirisha la upande wa jikoni ndilo linalolia, kwenye 50 na kitu hivi. Nyuma ya kochi nimejaribu pia, volyumu nimeshusha karibu nusu na bado iko vizuri, muvi ndio usiseme. Jumamosi naenda Kariakoo kwenye maduka ya mtumba, nikipata yenye kibandiko cha 230 nitaweka picha ya nyuma hapa muisome kabla sijalipa.