Mwanafunzi ameniuliza lahani, yaani mpangilio wa sauti za wimbo, ina maana gani, nami sikuwa na jibu

Mpiga Fidla, Unguja

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa 23 nikipiga fidla katika taarab ya asilia hapa Unguja, na jioni huwafundisha vijana wachache nyumbani kwangu. Wiki iliyopita tulikuwa tukijifunza bashraf, kile kipande kisicho na maneno ambacho kwa desturi yetu hupigwa mwanzo, kabla mwimbaji hajasimama. Binti mmoja wa miaka 15, ambaye mkono wake wa upinde ni mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri wake, aliilaza fidla mapajani akaniuliza: "Maalim, wimbo una maneno, kwa hiyo najua unasema nini. Hii bashraf inasema nini?" Nilimjibu kwamba inayaandaa masikio ya watu. Jibu hilo si uongo, lakini nililitoa ili darasa liendelee, na nadhani naye alilitambua hilo.

Swali lake limenikaa moyoni kwa sababu niliwahi kulikwepa. Mama yangu alipofariki, nilikaa miezi minne bila kugusa chombo. Nilirudi kwa kuwa kikundi chetu kilikuwa na harusi na mpiga fidla mwenzangu alikuwa mgonjwa. Ilipofika taksimu, pale vyombo vingine vinaponyamaza na mpigaji mmoja akaachwa atembee peke yake ndani ya maqamu, yaani ngazi ya sauti, nilijikuta nikiirudia sauti moja tu, ile ya tatu katika maqamu iitwayo rast, ambayo kwa msiyoijua hukaa katikati ya vibonyezo viwili vinavyofuatana vya kinanda, na kwa hiyo kinanda cha kawaida hakina. Sikukusudia kuirudia. Bibi mmoja aliyeketi mbele, nisiyemjua, alijifunika uso kwa pindo la kanga yake akalia. Baadaye alinifuata akaniambia, "Mwanangu, umenitajia mtu wangu." Mimi sikumtaja mtu, kwa kuwa hakuna neno lililosemwa, na aliyekuwa moyoni mwangu usiku ule alikuwa mama yangu, wala si mtu wake.

Sasa nauliza: maana ilikuwa wapi? Kama ilikuwamo ndani ya sauti yenyewe, mbona watu wa meza ya pili waliendelea na mazungumzo yao? Kama ilikuwa kwangu, mbona yeye alimwona mtu wake badala ya mama yangu? Na kama ilikuwa kwake yeye, basi mimi nilifanya kazi gani pale? Ningependa kujibiwa na watu waliokwisha kulifikiria jambo hili wakiwa na chombo mkononi, au waliokaa kusikiliza kwa miaka mingi, ili nitakapokutana na yule binti nisimkwepe tena.

Mzee wa Udi, Mombasa

Wa aleikum salaam, Maalim. Pole kwa mama yako, Mungu amrehemu.

Nitaanza na jina la kazi yetu, kwa sababu wengi hulitamka bila kulisikiliza. Neno taarab limetokana na neno la Kiarabu ambalo si jina la chombo, wala la mtindo, wala la wimbo. Ni jina la hali inayompata mtu anapoguswa na sauti hadi akatikisika, iwe kwa furaha au kwa huzuni. Masimulizi ya kwenu Unguja yanaeleza kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta wapigaji kutoka Misri na akampeleka Mohamed Ibrahim huko huko akajifunze kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani. Pamoja na kanuni na udi, chombo cha nyuzi kinachofanana na gita, tulipokea neno hili, na tangu hapo muziki wetu tunauita kwa jina la kinachompata msikilizaji. Kwa hiyo swali lako la kwanza, kwamba maana iko wapi, wazee walikuwa wamekwisha kulijibu nusu walipochagua jina.

Nusu iliyobaki nilifundishwa na ukuta wa chumba changu. Nina udi mmoja wa zamani ambao nimeutundika, na mwingine ndio ninaoupigia. Ninapougonga kwa risha, kile kijiti cha kupigia, uzi wa sauti iitwayo re wa huu wa mkononi, uzi wa re wa ule wa ukutani huitika wenyewe, bila kuguswa na mtu. Weka kidole juu yake na utauhisi ukitetemeka, ilhali nyuzi nyingi za jirani yake zimetulia. Siku nikizembea kuukaza ule wa ukutani, ukalegea hata kidogo tu, naweza kupiga hadi alfajiri na hautanijibu. Huitika kwa sababu umekazwa kwa kipimo kile kile, na mkazo huo haukutoka kwangu wakati wa kupiga, ulikuwapo tayari.

Yule bibi alikuwa amekazwa, Maalim. Kifo, au safari ya mtu asiyerudi, au jambo analolijua Mungu, lilikuwa limemkaza siku nyingi kabla hajaketi katika harusi ile. Hukumpa huzuni, alikuja nayo. Wale wa meza ya pili hawakuwa wagumu wa moyo, bali usiku huo walikuwa wamekazwa kwa sauti nyingine.

Usidhani kwamba ninakupunguzia kazi. Unauliza ulifanya nini: uliipiga sauti ya tatu ya rast mahali pake hasa, na hilo ndilo lililokuchukua miaka 23. Ingekuwa juu au chini kwa unywele mmoja, kusingekuwa na cha kuitikiwa. Ndiyo maana nilihuzunika taarab ya kisasa iliposhika kasi katika miaka ya 1990 na kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya fidla na kanuni. Sisemi kwamba vijana wale hawakuwa na kipaji, wala kwamba watu hawakufurahi. Walicheza hadi kukacha, na kucheza nako ni kuguswa. Lakini chombo kilichogawanya njia yote katika hatua 12 zilizo sawa kinairuka ile sauti ya katikati, isipokuwa mpigaji awe ameiweka kwa makusudi, na watu waliokuwa wakiitikia hapo walibaki bila wa kuwaita.

Malenga, Lamu

Shikamoo, mzee wangu wa Mombasa, na salamu kwako Maalim. Nimesoma kwa heshima, lakini naona tunakimbia upesi mno kwenye nyuzi na tunaliacha neno nyuma. Taarab ya Waswahili ni shairi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mtunzi huhesabu mizani zake, hupanga vina vyake vya kati na vya mwisho, huficha jambo ndani ya fumbo, na ndipo lahani hutafutwa ya kulibebea.

Mtazameni marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa. Lahani zake nyingi zilikuwa za filamu za Kihindi, na mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir. Sauti iliyopangwa huko India kwa ajili ya wapenzi wawili wa kwenye filamu ilifika Mombasa ikabeba wosia, lawama au nasaha, na hakuna msikilizaji aliyelalamika kwamba maana imepotea njiani. Ikiwa lahani moja inaweza kubeba mambo hayo yote, basi yenyewe ni jahazi, na shehena ni maneno.

Ushahidi wangu wa pili ni Siti binti Saad. Kabla yake, taarab ya majumba ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu, na wapo waliokuwa wakiifurahia bila kuifahamu. Yeye, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Unguja, walizipenda santuri zile kwa sababu walisikia humo mambo yao wenyewe, hata kesi zao. Aliimba kuhusu mauaji ya mwanamke mgeni, ambapo muuaji alitoroka na waliofungwa wakawa mashahidi. Lahani peke yake, hata ingepigwa na malaika, isingeweza kumweleza mtu kwamba mahakama imepindisha haki.

Tazameni pia desturi ya kutunza. Mwanamke hukaa ametulia kwa nusu saa, kisha unapofika ubeti mmoja tu, huinuka, hutembea pole pole mbele ya macho ya watu wote akiwa ameinua noti yake juu, humpa mwimbaji, na kila aliyemo ukumbini anajua ubeti ule umepelekwa kwa nani. Fidla ilikuwa ikilia tangu mwanzo, naye hakuinuka. Ameinuliwa na ubeti.

Kwa hiyo kwa binti yako ningesema wazi: bashraf haisemi kitu. Inatusafishia njia ili neno lipite. Sioni kwamba hilo linaishushia heshima.

Mwalimu wa Kwaya, Moshi

Habari zenu. Mimi ni wa kwaya ya kanisa, na taarab naijua kwa kuisikia redioni tu, lakini hoja ya Malenga imenikumbusha jambo.

Miaka sita iliyopita tulimzika mwenzetu aliyeimba sauti ya pili kwa muda mrefu kuliko sisi sote. Wimbo tuliouchagua tulikuwa tumeuimba katika mazishi mengi, maneno yale yale kwa zile sauti nne. Kabla hatujaingia, akina mama wa sauti ya pili walinijia wakaniomba wasiimbe ubeti wa kwanza, nikakubali. Tuliimba sauti ya kwanza, ya tatu na ya nne, na katikati pakabaki wazi. Waombolezaji wengi hawajui muziki wa sauti nne hata kidogo, lakini nilipogeuka niliona kwamba wamepasikia pale pasipoimbwa. Ubeti wa pili akina mama walipoingia, kaburini hapakuwa na mtu aliyeweza kujizuia.

Neno halikubadilika hata moja. Sijui jambo hili linaweza kuwekwa upande wa jahazi au upande wa shehena.

Msikilizaji, Maskati

Naomba kuchangia kama mtu ambaye hajawahi kushika chombo. Nilizaliwa Unguja na nimezeekea huku Maskati. Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa na redio moja kubwa, na Alhamisi ya kwanza ya mwezi hatukuruhusiwa kupiga kelele, kwa kuwa Umm Kulthum, mwimbaji mashuhuri wa Misri, alikuwa akiimba kutoka Cairo. Kiarabu cha baba kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani. Mashairi yale marefu ya mapenzi aliyafahamu vipande vipande. Hata hivyo alijua ni wapi atapiga paja lake na kusema "Allah!", na watu wa kule ukumbini, waliokuwa mbali naye maelfu ya kilomita, walipiga kelele hapo hapo.

Jambo ambalo wachangiaji hawajaligusa ni hili: wasikilizaji wale walikuwa wakimrudisha. Akimaliza mstari uliowaingia, walimwomba aurudie, naye aliurudia, lakini si kama mwanzo. Kila mara aliupitisha njia nyingine, hadi wimbo mmoja ukachukua saa nzima. Hakuna aliyejua mapema utakuwa mrefu kiasi gani. Mtunzi wa maneno alikuwa amekwisha kumaliza kazi yake, na mtunzi wa lahani vile vile, lakini wimbo wa usiku ule ulikuwa bado unatengenezwa, na waliokuwa wakiutengeneza ni pamoja na watu waliokaa vitini.

Maalim, unasema uliirudia sauti ile bila kukusudia. Je, una hakika kwamba hukuwa umeombwa? Huenda yule bibi aliguna, au aliinamisha kichwa, na mkono wako ukamsikia kabla yako. Mimi nimekaa mbele ya wapigaji wengi, na nimewaona wakibadilika kwa sababu ya pumzi ya mtu mmoja wa safu ya kwanza.

Mpiga Fidla, Unguja

Nawashukuru nyote, na ninaomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Nilitaka kwanza nikutane na yule binti.

Mzee wangu wa Mombasa, sina udi wa kutundika, lakini nilizikaza fidla mbili kwa kipimo kimoja, nikailaza ya binti juu ya kiti, nikakunja vipande vidogo vya karatasi nikavipandisha kimoja kimoja juu ya nyuzi zake. Nilipouvuta upinde juu ya uzi wa re wa fidla yangu, karatasi ya uzi wa re ilirukaruka ikaanguka, na nyingine zikabaki mahali pake. Aliniomba niirudie mara tatu. Kisha akaufungua ule uzi kidogo yeye mwenyewe, akaniambia nipige tena, akaitazama karatasi ikiwa imetulia, na hakusema kitu.

Malenga, nilimweleza na hoja yako bila kuipunguza, kwa sababu naamini una haki kuhusu Siti na kuhusu kutunza. Nimeona noti nyingi zikipita mbele yangu kwenda kwa mwimbaji. Lakini umenirudisha kwenye maneno ya yule bibi. Angeweza kusema "umenikumbusha". Alisema "umenitajia", na kutaja ni kazi ya ulimi. Yeye ni Mswahili wa kwelikweli, anajua tofauti ya maneno hayo mawili, na alilichagua hilo kwa sauti isiyo na silabi hata moja. Siwezi kuliacha hilo lipite.

Ndugu wa Maskati, swali lako ndilo lililoninyima usingizi. Nimejaribu kuukumbuka usiku ule. Nakumbuka taa, nakumbuka harufu ya udi wa kuchoma, na nakumbuka kwamba nilikuwa nimefumba macho. Kwa hiyo sikumwona. Kama nilimsikia, siwezi kuapa. Mwalimu wa Moshi, kwako sina neno, ila nimewasimulia wenzangu wa kikundi kuhusu ule ubeti wa kwanza, na mpiga kanuni wetu ameniomba nikufikishie pole yake.

Binti aliniuliza tena mwisho wa darasa, na safari hii nilimwambia ukweli: kwamba bashraf haina ujumbe niliouficha, na kwamba siku moja mtu asiyemjua ataiitikia mbele yake, naye hatajua kwa nini. Aliniuliza afanye nini siku hiyo. Nikamwambia asiache kupiga.

Kisha tuliipiga bashraf yote, yeye na mimi, kutoka mwanzo. Sauti yake ya tatu bado iko juu kidogo. Alhamisi tutaanzia hapo.