Gitaa la umeme la kuchonga mwenyewe, niko Wete: shingo nichonge au ninunue?

Mwana_Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Napiga gitaa katika kikundi chetu cha taarab, harusini na kwenye sherehe za skuli, lakini gitaa ninalopigia ni la kuazima na mwenyewe keshaanza kulitaka. Nimeazimia kutengeneza langu, la umeme, lenye kiwiliwili cha mbao nzima. Ami yangu ni seremala na kanipa ruhusa ya kutumia banda lake kila baada ya laasiri.

Mbao ninayo. Ni ubao wa mkangazi uliokuwa kaunta ya duka la marehemu babu, unene kama sentimita tano, upana unatosha, hauna ufa wala bungua hawakuugusa. Pia mchongaji mmoja wa vinyago kanipa kipande cha mpingo. Vifaa tulivyonavyo ni misumeno ya mkono, randa, patasi, tupa, jiriwa na drili ya umeme. Ruta, ile mashine ya kuchimba mifereji kwenye mbao, tutaazima.

Kinachonikwamisha ni shingo. Rafiki yangu aliye Dar ananiambia ninunue shingo iliyokwisha kutiwa freti, vile vyuma vyembamba vya kubonyezea nyuzi, mie nichonge kiwiliwili tu. Moyo wangu unataka vyote viwili vitoke hapa bandani. Je, inawezekana kwa vifaa hivi? Na nikichonga, mbao gani, na hesabu za freti zikoje?

La mwisho, gitaa hili la kuazima linavuma sana tukipiga ukumbini. Nataka langu lisivume. Ahsanteni mapema.

Seremala_Mkunazini

Waalaykum salaam. Kwanza kuhusu ubao wa babu: huo usiuachie. Mkangazi ni wa ukoo mmoja na mahogani ya Amerika, na viwanda vikubwa vya magitaa vinautumia kwa viwiliwili na shingo pia. Hauna uzito wa kuchosha bega, unarandika vizuri, na ukishakauka hautembei ovyo. Ubao uliokaa dukani miaka yote hiyo umeshamaliza kujikunja. Mbao mpya ya kununua gengeni leo isingekupa hilo.

Hata hivyo usiuamini kwa macho. Uweke ndani ya banda, juu ya vijiti ili upepo upite chini, kisha upime uzito kila wiki. Uzito ukisita kubadilika, ubao umezoea hewa ya hapo na unaweza kuukata. Hewa yetu ya visiwani ni ya maji. Usikate shingo katikati ya masika, maana utachonga mbao iliyovimba, na ikifika kipupwe itakuwa nyembamba na imepinda. Mie kazi zote zinazotaka kunyooka naziweka Juni hadi Septemba.

Shingo usiitoe kwenye ubao mmoja. Pasua vipande vitatu virefu, cha kati ukigeuze ili nyuzi zake za mbao zielekee upande mwingine, kisha uvigandishe. Kimoja kikitaka kupinda huku, kingine kinakizuia. Mkangazi pande zote na mvule katikati itapendeza na itakuwa na nguvu. Lakini tahadhari na mvule: mara nyingine ndani yake mna vijiwe vya chokaa vinavyomeng'enya meno ya msumeno na makali ya randa. Upapase kwanza kwa patasi kuukuu. Na vumbi lake linawasha pua na ngozi, kama la mpingo, kwa hiyo barakoa ni lazima.

Fundi_Keko

Mdogo wangu wa Wete, nakuunga mkono kwa nia, ila kwenye shingo nasimama na rafiki yako wa Dar. Nyuzi sita za kawaida zikikazwa zinavuta kwa nguvu ya kama kilo 46, na uvutano huo haulali usiku wala mchana. Meza ikipinda milimita moja hakuna atakayejua. Shingo ya gitaa ikipinda milimita moja, nyuzi zinakaa juu na vidole vinauma, au zinagonga freti na sauti inachakaa.

Kwa gitaa la kwanza nunua shingo ya kufunga kwa skrubu, yenye urefu wa nyuzi wa milimita 648, huo wa Fender. Kisigino chake kina upana wa kama milimita 56. Chonga mfuko wake kwenye kiwiliwili kwa kina cha milimita 16, ubane sawasawa, ufunge skrubu nne. Utakuwa na gitaa linalopigika, na shingo yako ya kuchonga utaifunga baadaye kwenye mfuko uleule.

Ukikataa ushauri huu, basi kitu kimoja usikikatae: chuma cha ndani ya shingo, ile trasi rodi. Ndicho kinachopambana na zile kilo 46, na unakirekebisha kwa ufunguo kadiri hewa inavyobadilika. Agiza kile kinachosukuma pande zote mbili. Kipime chenyewe kikiwa mkononi, ndipo uchimbe mfereji wake. Watu huchimba mfereji kwa vipimo vya picha ya simu, halafu chuma kinacheza ndani na kulia kila nota ikipigwa.

Mwana_Wete

Nashukuru sana kaka zangu. Kaka wa Keko, nimekuelewa, na chuma hicho nitakiagiza. Lakini shingo nataka kuichonga. Si ubishi. Ami yangu kachonga milango maisha yake yote na hajawahi kuchonga ala ya muziki, na nilipomwonyesha picha ya shingo alikaa kimya, kisha akaanza kunoa patasi. Nataka kazi hii tuifanye naye pamoja.

Seremala_Mkunazini

Basi mchonge, lakini ya kwanza mchonge kwa paini ya bei rahisi. Shingo kamili, na mfereji wake, na mviringo wake wa nyuma. Unene chini ya freti ya kwanza uwe kama milimita 21, freti ya kumi na mbili kama 23, upana pale shingo inapokutana na kichwa 42 au 43. Kichwa kifanyeni bapa, kisicholala nyuma, chenye unene wa milimita 14 hivi. Hakihitaji kuunganishwa kwa pembe, na mbao ya unene wa milimita 25 inakutosha. Mkono wa ami yako ukishaujua huo mviringo kwenye paini, kwenye mkangazi hautababaika. Salamu zangu kwake.

Mwalimu_Hesabu_Chake

Hesabu za freti ni hizi, na ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Chukua urefu wa nyuzi, ugawe kwa 17.817. Jawabu ni umbali kutoka kidaraja cha juu, kile kilicho pale kichwa kinapoanzia, hadi freti ya kwanza. Urefu uliobaki ugawe tena kwa 17.817, unapata nafasi ya freti inayofuata, na kuendelea. Namba hiyo inatokana na kugawa oktavu sehemu kumi na mbili zilizo sawa kwa sikio.

Kwa milimita 648: freti ya kwanza iko 36.37, ya pili 70.70, ya tatu 103.10, ya tano 162.55, ya saba 215.51, na ya kumi na mbili 324.00, yaani nusu kamili. Ya kumi na mbili isipoangukia nusu, simamisha kazi utafute kosa.

Vipimo vyote vianze kwenye kidaraja cha juu. Usipime kutoka freti hadi freti, kwani kila mara ukikosea robo milimita, makosa yanajumlishana, na ukifika juu kabisa gitaa halipatani na kinanda. Bandika rula ya chuma isisogee, weka alama zote kwa kisu chenye ncha kali, penseli ni nene mno. Msumeno uwe mwembamba, mkato wa kama milimita 0.6, ili shina la freti liingie kwa kugongwa. Ujaribu kwanza kwenye kipande cha mpingo kitakachobaki.

Daraja la chini nalo lina hesabu yake. Usilifunge kwenye 648 kamili kwa nyuzi zote. Uzi ukibonyezwa unavutika kidogo na sauti inapanda, na uzi mnene unapanda zaidi. Kwa hiyo uzi wa kwanza unakaa karibu na 648, wa sita unarudi nyuma milimita tatu mpaka tano. Nunua daraja lenye visogezi, ulifunge hali visogezi vimekaribia mbele ili vipate nafasi ya kurudi.

Mzee_wa_Ganuni

Mwanangu, umesema unapigia taarab, na wote hapa wamekupa freti za kizungu. Nakuuliza: mtapiga maqamu za Kiarabu kama Bayati na Rast vipi? Udi hauna freti, fidla haina freti, na ganuni ina vile vitasa vidogo vya kupandisha na kushusha. Gitaa la freti kumi na mbili kwa oktavu litakufungia zile sauti zilizo katikati ya nota mbili.

Mwana_Wete

Shikamoo mzee wangu. Hilo limekuwa likinikera bila kujua la kufanya. Kwa sasa nauvuta uzi kwa kidole mpaka sauti ifike, na nyimbo zetu nyingi zinapita. Ila kwenye taqsimu, pale mpigaji anapobuni mwenyewe, kinanda na mie tunapishana na mpiga udi.

Mzee_wa_Ganuni

Marahaba. Kuvuta uzi kunafaa, lakini kunapandisha tu, hakushushi. Mwalimu atakupa hesabu ya freti ya nyongeza, iwekwe pale unapopitia zaidi, si kila mahali. Anza na Rast ya kikundi chenu: sikiliza udi, weka alama pale sikio linaposema hapa, kisha ulinganishe na hesabu. Sikio la mpiga udi wenu lina haki ya mwisho, maana sauti ya Rast haiangukii nusu kamili kila mahali wala kwa kila mpigaji.

Mwalimu_Hesabu_Chake

Freti ya nyongeza iliyo katikati kamili kwa sauti baina ya freti ya kwanza na ya pili ni milimita 53.78 kutoka kidaraja cha juu. Mzee kasema kweli, hiyo ni pa kuanzia tu. Na kwa sababu hiyo, hata mie naona shingo ya kununua haikufai. Freti ya ziada kwenye shingo ya dukani utaibana kwenye ubao ulioshakamilika, tena wa mviringo; yako utaikata ubao wa mpingo ukiwa bado bapa mezani.

Fundi_Keko

Hapo mmenishinda kwa hoja. Chonga.

Basi niongeze kuhusu mpingo. Ni mbao nzito kiasi cha kuzama majini, na ndiyo inayochongewa klarineti huko Ulaya. Ina mafuta, gundi haipendi. Ufute kwa asitoni, ungoje ukauke, upake gundi hapohapo kabla mafuta hayajarudi juu. Unene wa milimita sita unatosha kwa ubao wa freti.

BiFundi_Redio

Kaka Mwana, uvumaji wa ukumbini ni fani yangu. Umeme wetu ni wa volti 230, mawimbi 50 kwa sekunde, na koili moja ya pikapu, kile kinasa sauti cha chini ya nyuzi, inanasa mvumo huo kutoka kwenye taa na nyaya zilizo karibu kama antena. Dawa yake ni hambaka: koili mbili zilizogeuzwa, umeme wake na sumaku zake, mvumo wa moja ukaua wa nyingine huku sauti ya nyuzi ikijumlishana. Seth Lover wa Gibson aliiunda mwaka 1955 na mpaka leo hatujapata njia rahisi zaidi.

Kwa hambaka, potensiomita, yaani vile vidhibiti vya kuzungusha, ziwe za kiloomu 500, na kapasita ya toni maikrofaradi 0.022. Tundu la nyaya ulipambe ndani lote kwa karatasi ya shaba, liunganike na ethi pamoja na mgongo wa potensiomita. Toa waya mmoja kutoka ethi hadi chini ya daraja. Ukigusa nyuzi na mvumo ukapungua, umeunganisha vizuri. Kusuka pikapu mwenyewe kunawezekana, lakini waya ni wa milimita 0.063, mwembamba kuliko unywele, na unazungushwa mara elfu kadhaa. Hiyo iache, nunua.

Ila nakuomba sana: waya ule wa daraja unakuunganisha wewe na amplifaya. Amplifaya ikiwa mbovu na soketi ya harusini haina ethi, umeme unafika vidoleni. Usivunje pini ya tatu ya plagi. Jenereta la kukodi lipimwe kwa testa kabla hujagusa nyuzi, tena usione haya mbele za watu.

Msikilizaji_Shangani

Nimefuata mjadala huu kwa furaha. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946, na Brian May, mpiga gitaa wa kundi hilo, alichonga gitaa lake nyumbani na baba yake kuanzia 1963. Shingo ilitoka kwenye mbao ya jiko la kuotea moto la zamani, springi za daraja ni za vali za pikipiki, na alama za shingoni ni vifungo vya lulumizi vya mama yake. Amelipigia majukwaani kwa miaka mingi. Kaunta ya babu ni mbao ya heshima kama ile.

Kwa alama za shingo, upande wa Fumba kuna akinamama wanaochonga magamba ya chaza. Watakukatia vidoto vyenye kung'aa, na juu ya mpingo vitaonekana hata kwenye mwanga hafifu.

Mwana_Wete

Allah awajazeni kheri nyote. Nitaagiza chuma, hambaka na daraja kwa pamoja, vije kwa boti. Ami kaanza kupasua paini. Swali moja: freti za kawaida hazitaoza kwa hewa ya chumvi?

Seremala_Mkunazini

Freti za kawaida ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, haziozi, zinafifia tu. Nyuzi ndizo zinazokula kutu, zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Vanishi msiipake mvua ikinyesha, itakuwa na ukungu mweupe. Na kabla hamjagonga freti hata moja, weka rula ya chuma juu ya shingo, piga picha kwa pembeni mwanga ukiwa nyuma yake, uitume hapa tuitazame.