Daftari la duka: vitu visivyohesabika niandike "pisi" au vina maneno yake?

mwana_duka
Habari za saa hizi wakuu. Mama yangu ana duka la rejareja hapa Tanga, miaka yote anaandika daftari kwa mkono, sasa mwezi huu nimemhamishia hesabu kwenye kompyuta na ile safu ya kipimo nimejaza "pisi" karibu kila mahali kwa sababu programu ndo imekuja nayo. Juzi usiku nikamsomea: mchele pisi 4, chumvi pisi 12, sabuni pisi 30, kanga pisi 10. Kwenye kanga akanisimamisha, anasema kanga ziko 5 sio 10. Kumbe yeye anahesabu doti na mimi nimehesabu upande mmoja mmoja. Halafu akauliza hizo sabuni 30 ni miche au vipande vilivyokatwa, sikuwa na jibu maana nimeingiza vyote kwa pamoja.

Naomba msaada. Unga, sukari, mafuta, vitu ambavyo vyenyewe havihesabiki, mnavihesabu kwa maneno gani? Na la pili, ni "kilo mbili za sukari zimebaki" au "kilo mbili za sukari imebaki"? Mama anasema imebaki, mimi sikio langu linataka zimebaki.

muuza_nafaka
Mdogo wangu futa hiyo pisi leo leo. Dukani kila kitu kina neno lake na neno ndilo linabeba hesabu. Mchele ukiingia ni gunia, ukitoka ni kilo, nusu au robo. Mayai ni trei, ya mayai 30. Soda ni kreti, chupa 24. Mafuta ni dumu au ndoo, mteja anakuja na kichupa chake anasema nipe ya mia tano. Mche wa sabuni unakatwa vipande, kwa hiyo ni mistari miwili tofauti. Kitambaa ni jora, kanga ni doti, na doti ni mbili zilizoshikana hazijakatwa, mama yuko sahihi kabisa.

Na chunga sana neno chupa. Mimi niliwahi kumwambia kijana wangu alete chupa 24 za soda kutoka stoo, akaniletea tupu, wateja wamesimama kaunta. Hajakosea, "chupa ya soda" inaweza kuwa yenye soda na inaweza kuwa ile ya kurudisha. Tangu siku hiyo nasema soda kreti moja, na zile nyingine nasema chupa tupu, na kwenye daftari ziko kurasa mbali mbali.

mwalimu_wa_ngeli
Nijibu la pili. Angalia neno gani limetangulia, hilo ndilo linalotawala kitenzi. Ukianza na kipimo: kilo mbili za sukari ZIMEbaki, magunia mawili ya mchele YAmeingia. Ukianza na kitu chenyewe: sukari kilo mbili IMEbaki, mchele magunia mawili Umeingia. Zote ni Kiswahili safi. Nadhani mama yako anasema "sukari kilo mbili imebaki" na wewe umegeuza maneno ukabakiza kitenzi chake. Kwa daftari mtindo wa mama ndio mzuri, jicho linatafuta sukari kwanza, kiasi baadaye.

Wakati mwingine maana yenyewe inaamua. Glasi ya maji imevunjika, hapo ni glasi. Ila hatusemi kikombe cha chai kimepoa wakati kilichopoa ni chai, tunasema chai imepoa.

Na kitu kimoja ambacho nakipenda mno kwenye lugha yetu, mara nyingine hata neno la kuhesabia halihitajiki, herufi moja inatosha. Kuni ni rundo, ukitaka mmoja unasema ukuni. Nywele, unywele. Nyasi, unyasi. Nyuzi, uzi. Ile u- ya mbele inachomoa kimoja kutoka kwenye wingi. Wanafunzi wangu wakiniandikia "kipande kimoja cha nywele" naumia, maana lugha imeshawapa unywele bure. Ila mchele, mchanga na chumvi hazina u- ya hivyo, ndo maana tunasema punje ya mchele, chembe ya mchanga, na maji nayo ni tone au funda.

wa_kwa_gorogoro
Huku Kenya soko zetu ni gorogoro (mkebe wa kupimia nafaka) na debe, mahindi hukosi kuulizwa gorogoro ngapi. Shuleni tulikariri haya maneno kwa KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi: tita la kuni, bumba la nyuki, shada la maua, thurea ya nyota, bunda la noti, mtungo wa samaki. Nilidhani ni ya mtihani tu hadi nilipoenda Lamu nikaona mvuvi amepitisha ukili kwenye matamvua ya samaki aina ya changu kama sita, anabeba mkononi anauza mtungo mzima, hakuna mizani. Hapo neno likanikaa.

@mwalimu ukiweza tueleze kibaba, methali ya haba na haba tunaisema kila siku na wengi hawajawahi kukiona.

mwalimu_wa_ngeli
Vibaba viwili ni kisaga kimoja, visaga viwili ni pishi, kwa hiyo pishi ni vibaba vinne. Pwani pishi bado inasikika kila mwisho wa Ramadhani kwenye zaka ya fitri, hata kama mchele wenyewe siku hizi unapimwa kwa kilo. Vya mkononi pia vipo: konzi ni kinachojaa ukifumba mkono, ukufi ni kinachokaa kwenye kiganja kilichokunjuka. Bibi yangu chumvi ya mchuzi hakuwahi kuipima kwa kijiko.

mzigo_kariakoo
Mimi nafuata mzigo Guangzhou na Kichina kimenifundisha kitu hapa. Wao hata kitabu huwezi kukihesabu bila neno la katikati, vitabu vitatu ni san ben shu, hiyo ben ni ya vitabu na vya aina hiyo kama madaftari, samaki na suruali wanatumia tiao kwa kuwa ni virefu. Sisi vitabu vitatu imetosha, ngeli imeshafanya kazi kwenye vi- zote mbili. Kwa hiyo dogo, kanga hesabu kwa doti, ila madaftari na kalamu usihangaike kutafuta neno, andika namba tu.

mwana_duka
Asanteni sana, jana nimekaa na mama hadi saa nne usiku tumebadilisha mstari kwa mstari. Sabuni mche, sabuni kipande, kanga doti, chumvi pakiti. Kimebaki kitu kimoja, dagaa. Anawauza kwa fungu na fungu la asubuhi sio la jioni, wakikaribia kuisha anapunguza. Niandikeje?

muuza_nafaka
Wakiingia andika ndoo ngapi. Wakitoka andika pesa. Fungu mwachie mama, anapanga kwa jicho lake na anamjua nani ana watoto wengi nyumbani.