Pendekezo la utafiti wa LLM (shahada ya uzamili ya sheria) limerudishwa kwamba ni "pana". Nilipunguze vipi?

NyandoChini: Wadau, hamjambo. Niko Kisumu, nina LLB (shahada ya kwanza ya sheria), na nia ni kufundisha chuo kikuu, si kusimama kortini. Mada yangu ni "Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi Nchini Kenya". Nipunguze wapi? Na uwakili ni lazima?

Kibuye_Mashariki: Uwakili si lazima. Mada hiyo nayo ni rafu nzima ya maktaba. Shika kifungu kimoja. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, 2016, kinaitaka kaunti iingize tabianchi kwenye CIDP (mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano), na kila mwisho wa mwaka wa fedha waziri wa kaunti apeleke ripoti kwa bunge la kaunti ijadiliwe. Basi uliza: Kisumu imepeleka ngapi, na zilijadiliwa? Soma CIDP ya 2023–2027, kisha Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge la kaunti. Ukiikosa ripoti, usikimbilie kuandika kwamba haipo. Iombe kwa barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Afisa ana siku 21 za kujibu. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, ukimya huo nao ni matokeo ya utafiti.

Milimani254: Kama unapenda hukumu, ya kiwanda cha Kibos iko mlangoni kwako. Wakazi walilalamikia uchafuzi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Kisumu. Mahakama ya Rufaa ikasema walibisha mlango usio wao. Mahakama ya Juu, 2020, ikasema maswali ya kikatiba yangewekwa kando hadi NET (baraza la taifa linaloamua mashauri ya mazingira) imalize sehemu yake. Wengi hukomea hapo, na mtahini huwanasa hapo hapo: tarehe 28 Desemba 2023, katika Nicholus dhidi ya Mwanasheria Mkuu, mahakama hiyo hiyo ilisema kuwepo kwa njia nyingine ya kulalamika hakutoshi peke yake kumfungia mtu ombi la kikatiba. Zisome zote mbili kwenye tovuti ya Kenya Law, ni bure. Usinukuu muhtasari wa gazeti.

MwalimuNaks: Kabla hujachagua, hesabu vibali. Ukihoji wakazi au maafisa, unahitaji idhini ya kamati ya maadili kwanza, halafu kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Data iliyokusanywa kabla ya hapo ni taabu tupu, kwa sababu kibali hakirudi nyuma. Utafiti wa nyaraka na hukumu pekee hukuokolea miezi. Na baadaye ukipata baruapepe ya jarida linaloahidi kuchapisha makala yako ndani ya wiki ukilipa, futa.

NyandoChini: Asanteni sana. Na soko la kaboni, yaani biashara ya kuuza upunguzaji wa hewa chafu, je? Naona kila mtu analiandikia.

Kibuye_Mashariki: Wanaandika kuhusu ile asilimia 40 ya mapato iendayo kwa jamii kwenye miradi ya ardhi, iliyoletwa na marekebisho ya 2023 ya Sheria hiyo ya Tabianchi. Imechoka. Angalia pembeni kidogo: mkataba wa maendeleo ya jamii, ule unaobeba mgao huo, umewekewa miradi ya ardhi ya umma na ya jamii. Huku kwetu mashamba mengi ni ya mtu binafsi. Sasa mkulima wa Bungoma mwenye ekari 2 na hati yake, akitia saini na kampuni ya kaboni, anabaki na kinga gani zaidi ya mkataba wenyewe? Soma Sheria na kanuni za soko la kaboni za 2024 bega kwa bega, kisha tafuta nakala za mikataba hiyo. Ukinyimwa, rudi kwenye ile mada ya kifungu cha 19.