Naomba ushauri: kwaya ya wavulana, sauti zinakatika na wazee hawataki bongo fleva

Tumsifu Yesu Kristo, walimu wenzangu wa kwaya.

Nafundisha wavulana parokiani, wa miaka 9 hadi 14. Tunaimba Kilatini na nyimbo za misa za Kiswahili, na sasa wanataka na zile za redioni. Mfano wangu ni kwaya ya wavulana ya Drakensberg, Afrika Kusini, iliyoanzishwa 1967: muziki wa kale wa Ulaya, wa dini, wa pop na wa Kiafrika, jukwaa lilelile.

Kinachoninyima usingizi ni soprano wangu bora. Akipanda juu sauti inakatika na kutoa hewa tupu, huku chini imeanza kuwa nzito. Sitaki aache kwaya, wala ajikaze mpaka aumie koo. Nimhamishie alto kwanza, au nimpumzishe kabisa? Mwenyewe anang'ang'ania soprano.

Pia wazee wanasema bongo fleva itawaharibu watoto. Mimi siamini hivyo. Mtoto anayejua kupumua na kushika noti ataimba vyote vizuri. Je, hizo niziweke kwenye tamasha tu, nje ya ibada?

Mliowahi kufundisha wavulana, nisaidieni, Pasaka imekaribia.